Tambarare ya Ugogo ina mlima, na mlima wenyewe ni upepo

Kila tukisema tunaenda Singida kwa baiskeli watu wa Dodoma wanatupa jibu moja, aah huko si tambarare tu, mtateleza mpaka mnafika. Wanaosema hivo wamepita ile barabara kwa basi, wamekaa dirishani wakaangalia mibuyu inapita, wamelala Bahi wakaamka Manyoni. Mimi nataka niiandike hiyo tambarare ya Ugogo, nchi ya Wagogo, kwa urefu, maana naipenda kweli na naona haijaandikiwa vya kutosha. Watu wa baiskeli wakikutana stori zote ni za milima, nani kapanda Uluguru, nani kazunguka Kilimanjaro, nani kashuka kutoka Lushoto bila kugusa breki, utadhani nchi bapa haina cha kusimulia.

Mlima una malipo yake. Unateseka unapopanda lakini ukifika juu kilomita kadhaa zinazofuata ni za bure, unakaa tu baiskeli inakupeleka na kifua kinapoa. Tambarare haina malipo ya hivo. Ukiacha kukanyaga, baiskeli inasimama, basi. Asubuhi nzima unakanyaga kwa mwendo uleule, umekaa mkao uleule, mwili unauma palepale, viganja vinaanza kufa ganzi kwenye usukani na ukiangalia mbele barabara imenyooka mpaka inapotea kwenye mvuke wa joto. Mnara wa simu wa mji unaokwenda unauona mapema sana, unakanyaga, unakanyaga, mnara uko palepale. Mtu asiyezoea hapo ndipo anapochoka, miguu bado ina nguvu ila kichwa kimeshakata tamaa.

Sasa hapo ndipo marafiki wanapoingia, na hili ndilo ninalotaka kulisema kuliko mengine yote. Mlimani hata mkiwa kumi kila mtu anapanda kivyake, mwenye pumzi anatangulia, mnakutana juu. Tambarare ya Ugogo huivuki kivyako ukaifurahia, labda uwe na bahati ya siku isiyo na upepo. Inataka kundi, tena kundi linalojua kukaa pamoja.

Kundi letu liko hivi. Kuna Mwalimu, anafundisha jiografia sekondari, ndiye mkubwa wetu kiumri. Kuna Fundi, huyu ni fundi wa mafriji, ana mapaja ya kutisha na baiskeli yake ni ile nzito ya kubebea mizigo, haina gia hata moja, na hataki kusikia habari ya kuibadilisha. Dada Nesi tumemzoea kwa kazi yake tu hivohivo, Dogo yupo chuo kikuu pale UDOM, halafu mimi. Baiskeli zetu zingine ni mitumba ya Japani na Ulaya, zina gia, zina karia nyuma, mizigo tunafunga kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu za zamani. Hakuna mwenye baiskeli ya bei mbaya na hakuna aliyewahi kuona hilo ni tatizo.

Tunaondoka Dodoma saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa sita au wa saba, jua halijatoka na baridi inauma masikio. Wageni hawaamini baridi ya Dodoma. Mji uko juu zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, anga halina mawingu, joto lote la mchana linapaa usiku, kwa hiyo alfajiri ya Juni unavaa koti na glavu halafu saa nne unatafuta kivuli. Tunachagua miezi hii kwa sababu mvua ya huku ni ya msimu mmoja tu, inaanza Desemba hivi inaisha Aprili. Kipindi cha mvua udongo wa pembeni unakuwa tope na ukitoka kwenye lami umenasa, na ukichelewa sana mpaka Oktoba jua linakuwa kali mno.

Mkitoka mjini mnapita Kizota, mnapita Nala, nyumba zinaanza kupungua, mnaingia Ugogo wenyewe. Mibuyu, migunga, mashamba ya mtama na uwele yaliyokwisha kuvunwa, mabua yamesimama makavu, ng'ombe wanaachiwa humo wale masalia. Watoto wanakimbilia barabarani wanapiga kelele, wazee waliokaa chini ya mti wanainua fimbo, mnawaamkia kwa Kigogo, mbukwenyi, wanaitikia kwa sauti ndefu. Kwenye karatasi hapo mnashuka, maana Bahi iko kwenye mita 800 na kitu, ila mteremko wenyewe umetawanywa kwenye kilomita karibu 60 na kati yake kuna vituta vya kupanda, kwa hiyo miguu haihisi kama imepewa kitu.

Njia hii watu wameitembea sana kabla yetu. Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilivuka Ugogo, wapagazi wamebeba pembe na vitambaa kichwani na mabegani, na watemi wa Kigogo walikuwa wanatoza hongo, yaani ushuru wa kupita, kila msafara unapopita kwenye maji yao. Wengi wa wapagazi wale walikuwa Wanyamwezi, walitembea miezi. Halafu Wajerumani wakaleta reli, ilianzia Dar es Salaam 1905, Dodoma ikafika 1910, Kigoma 1914, nayo ikapita hukuhuku Bahi maana reli inapenda ardhi bapa kuliko kitu chochote. Mara kadhaa mnakutana nayo njiani na sasa hivi kuna ile mpya ya umeme, abiria wa Dar wanafika nayo Dodoma tangu 2024, na kipande cha kuelekea Tabora kimepita upande huuhuu. Dogo akiona tuta la reli mpya anasimama kupiga picha kila mara, tumeshamzoea.

Upepo sasa.

Mwalimu ametueleza vizuri na tangu atueleze mimi naiona safari nzima kwa macho mengine. Kipindi cha kiangazi upepo wa huku unatoka mashariki na kusini-mashariki, ni uleule ambao watu wa Pwani wanauita kusi, unaingia bara unapita Morogoro unakuja kutandaza hapa katikati ya nchi ambapo hakuna mlima mkubwa wa kuuzuia. Asubuhi mapema unakuwa umetulia, kwa sababu usiku hewa ya chini inapoa na kulala juu ya ardhi, ule upepo wa juu unapita juu yake haugusi chini. Jua likishachomoza likachemsha ardhi hewa inaanza kuchanganyika, ya chini inapanda, ya juu inashuka na upepo wake, ndio maana kuanzia saa tatu saa nne vumbi linaanza kuinuka na alasiri inakuwa shughuli. Kwa hiyo ukienda magharibi, Bahi na Manyoni, upepo unakusukuma mgongoni na unajiona umekuwa bingwa. Ukirudi Dodoma unarudisha kila ulichopewa.

Na upepo unakula nguvu kwa hesabu mbaya. Ukiongeza mwendo mara mbili, upinzani wa hewa hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Kwenye barabara bapa ukishafika kama kilomita 20 kwa saa sehemu kubwa ya nguvu zako inaenda kuisukuma hewa tu, sio baiskeli wala mzigo. Sasa upepo ukiwa usoni ni kama umeshaongezewa mwendo ambao hata hujaenda. Ila aliye nyuma yako, tairi lake la mbele likiwa karibu na lako la nyuma, anapita kwenye hewa ambayo wewe umeshaifungua. Anatumia nguvu kidogo sana kuliko wewe, na tofauti yenyewe unaihisi palepale, ukitoka nyuma ya mtu ukakutana na upepo uso kwa uso unashtuka kabisa, unadhani mtu kakushika karia.

Kwa hiyo tunaenda mstari mmoja kwa zamu. Wa mbele anakata upepo dakika kadhaa, akichoka anapunga mkono wa kulia, anaangalia nyuma kama hakuna gari, anatoka kidogo pembeni, anaacha wenzake wapite, anajipachika mkiani. Wa mbele ndiye macho ya wote. Shimo, anaonyesha kwa kidole. Kokoto au chupa iliyovunjika, anatikisa kiganja chini. Mbuzi, anapiga kelele. Wa mwisho naye ana kazi, yeye ndiye masikio, lori likija anaita "gari!" na neno linapita mdomo kwa mdomo mpaka mbele, na barabara hii malori ni mengi, yanatoka Dar yanaenda Mwanza, Rwanda, Burundi, na madereva wengine wakishaona lami imenyooka hawana habari na baiskeli. Tukisikia mawili yanakutana usawa wetu tunashuka kabisa kwenye vumbi, hatubishani.

Katika haya yote kuna kanuni moja iliyotuchukua muda kuikubali na sasa ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Mwenye nguvu akiwa mbele asiongeze mwendo, aongeze muda. Fundi ana uwezo wa kutuacha wote tukatafutana, lakini akikaa mbele anashika mwendo uleule aliouacha Dada Nesi, tofauti ni kwamba Dada Nesi amekaa dakika mbili na Fundi atakaa robo saa. Nguvu yake yote anaitoa kwa njia hiyo. Nimeona makundi mengine ya baiskeli, kila anayepata zamu ya mbele anataka kuonekana, anavuta, mstari unakatika, aliye dhaifu anabaki peke yake kwenye upepo na ndiye aliyekuwa anauhitaji mgongo wa mwenzake kuliko wote. Akishaachwa hapo hamna tena safari ya pamoja, kuna watu wanaoelekea mji mmoja tu.

Bahi ni mahali pa kulala. Ni bonde pana ajabu, maji ya mto Bubu yanayoshuka kutoka upande wa Kondoa yanaishia humo kwenye bwawa na mbuga, hayana njia ya kwenda baharini, yanakaa yanakauka na jua. Ndiyo maana kuna mpunga, na kwenye mwaka wa maji mengi kuna samaki pia, katikati ya nchi ambayo watu wa mbali wanaijua kwa ukame tu. Wali wa Bahi na kambale wa mchuzi baada ya siku ya baiskeli, sina la kuongeza. Kwingine njiani tunakula ugali wa uwele na mlenda, maziwa ya mgando kama yapo, chapati na chai ya maziwa asubuhi, karanga mfukoni wakati wote.

Kuhusu maji Dada Nesi ndiye anayetutawala na nashukuru. Hewa ya huku ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, unajiona uko sawa tu halafu saa sita unashangaa kichwa kinagonga na fulana imechora ramani nyeupe ya chumvi mgongoni. Anatulazimisha kunywa kidogokidogo tangu asubuhi kabla ya kiu. Chupa moja ya kila mtu inakuwa na mchanganyiko uleule wanaopewa watoto wanaoharisha, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kusawazisha sio vya kujaza mlima. Tukikuta ubuyu unauzwa njiani tunaloweka kwenye chupa nyingine, ule uchachu unafungua koo kuliko soda yoyote.

Ukitoka Bahi kwenda Kintinku ndiyo bapa yenyewe hasa, hapo ndipo unaelewa neno upeo wa macho. Na ni nchi ya pancha. Miiba ya mgunga unaiona, unaikwepa, adui ni mbigili, kale kamea kanakotambaa chini pembeni ya lami, mbegu yake kavu ina pembe kali, hata ikae vipi pembe moja inaangalia juu. Ukishuka kwenye vumbi kupisha lori unapanda juu na zawadi. Safari moja Dogo alishuka na matairi yote mawili yakapata, tukasukuma mpaka kwa mzee mmoja fundi baiskeli mwenye kibanda chini ya mti, ana beseni la maji, pampu ya mguu na kopo la misumari.

Tukamsalimia shikamoo mzee.

"Marahaba wanangu. Mnatoka wapi?"

"Dodoma, mzee."

"Na mnakwenda wapi?"

"Singida."

Akatuangalia mmoja mmoja, akamuangalia Dada Nesi, akauliza kwa sauti ya chini, "Kuna msiba?"

Tukamwambia hapana mzee, tunatembea tu, tunapenda. Akanyamaza kidogo, akasema basi mungefika kwangu mapema mkala chakula. Alikuwa anamaanisha kabisa.

Nilikaa nikamwangalia anavyoziba. Aling'oa tairi kwa mpini wa kijiko, tyubu akaijaza upepo akaizamisha kwenye beseni pole pole huku anaizungusha, mapovu madogo yakaanza kutoka kwenye tundu ambalo kwa macho huwezi kuliona, akaliweka alama kwa msumari. Akakausha na fulana, akasugua kwa msasa mpaka mpira ukawa kijivu, akapaka solushen eneo kubwa kuliko kiraka chenyewe halafu akaacha. Dogo akataka kubandika, mzee akamshika mkono, "Subiri ikauke, ikiwa mbichi itakuachia huko mbele usipokuwa na mtu." Akasubiri mpaka ukigusa haishiki kidole, ndio akabandika akagongagonga na nyundo juu ya jiwe. Halafu, na hili wengi hawalifanyi, akaingiza vidole ndani ya tairi akapapasa mzunguko mzima taratibu mpaka akazipata zile pembe za mbigili zilizobaki, akazing'oa kwa koleo moja moja akatuonyesha kwenye kiganja. Viraka vile havikuachia.

Mwinuko wa kutoka bondeni kwenda Manyoni niupite haraka, ni ukuta wa Bonde la Ufa, unapanda, unatokwa jasho, unasukuma kama lazima, malori yanapumua kwa gia ndogo pembeni yako, unafika juu, Manyoni iko juu hata kuliko Dodoma. Huko unapata asali ya Itigi kwenye chupa na gesti zenye maji ya moto kwenye ndoo. Mambo yanabadilika ukiondoka hapo kwenda Singida, kwa sababu barabara inageuka kuelekea kaskazini na upepo unaacha kuwa mgongoni unakuja ubavuni, mkono wa kulia.

Upepo wa ubavu una tabu yake ya pekee na inabidi niieleze. Ukitoka kulia, kivuli cha upepo hakiko tena nyuma ya mwenzako moja kwa moja, kiko nyuma yake upande wa kushoto. Kwa hiyo mstari unapinda, wa pili anakaa kushoto kidogo ya wa kwanza, wa tatu kushoto ya wa pili, mnakuwa mmekaa mshazari. Lakini sisi tunaendesha kushoto na lami ina mwisho. Wa nne akijipanga tairi lake limeshafika ukingoni, wa tano hana pa kukaa, anabaki nyuma ya wa nne ambako kivuli hakimfiki, anapigwa upepo wote peke yake. Mara ya kwanza kukutana na hali hiyo tulimuona Mwalimu anabaki, anabaki, tukidhani amechoka, kumbe hajachoka, amekosa nafasi tu. Dawa yake ni kujigawa, wawili mbele, watatu nyuma na nafasi katikati ya kutosha gari kuingia, kila kikundi na mshazari wake mfupi, na anayekuwa wa mbele akae ndani kidogo ya barabara ili wenzake wapate lami kama hakuna gari nyuma.

Halafu kuna lori. Unapoegemea upepo wa kulia baiskeli inakuwa imelala kidogo upande huo bila wewe kujua. Lori likikupita kulia linaziba upepo ghafla, ulichokuwa unakiegemea hakipo, baiskeli inavutika kuelekea kwenye lori, kabla hujaiweka sawa mkia wa lori umeshapita na upepo unarudi kwa kishindo unakusukuma nje ya barabara. Sekunde mbili tatu hizo ndizo za hatari kuliko mlima wowote niliowahi kushuka. Tunachofanya ni kulegeza viwiko, kuinama, kushika usukani bila kuubana na kuwa na nafasi ya kuyumba pande zote. Anayekuja na kundi letu mara ya kwanza tunamfundisha hili Dodoma kabla ya kitu kingine chochote.

Isuna, Ikungi, Puma, alizeti kushoto alizeti kulia kama ni msimu wake, mawe makubwa ya mviringo yamekaa juu ya mengine kama yamepangwa, halafu Singida yenyewe na maziwa yake mawili ya maji chumvi, Singidani na Kindai, flamingo wakiwepo unawaona kwa mbali wamechora mstari wa waridi. Jumla kutoka Dodoma ni kama kilomita 240. Kuku wa kienyeji wa Singida sifa zake ni za haki.

Wengi wanaofanya njia hii wakifika Singida wanapakia baiskeli kwenye buti la basi wanarudi, na siwalaumu. Sisi tunapenda kurudi kwa pedali, na nitasema kwa nini. Kwenda, upepo unatufadhili, hata ukikaa kivyako utafika. Kurudi ndiko tunakohitajiana. Kutoka Kintinku mpaka Dodoma upepo uko usoni, kuanzia saa nne tunaenda kilomita 11, 12 kwa saa, hakuna anayeongea, unasikia cheni na matairi tu. Mwalimu anasema katika ukimya ule anawajua wenzake vizuri kuliko kwenye vikao vyote, na mimi naona hivohivo. Unajua Dogo akianza kuinamisha kichwa upande ameishiwa sukari na unampa karanga kabla hajaomba. Unajua Dada Nesi hatapunga mkono hata akichoka, inabidi wa pili amwambie, "Dada, njoo nyuma sasa," na yeye anakubali.

Kuna mara moja tukitoka Bahi tulimkuta jamaa mbele yetu anaenda Dodoma na mkaa, magunia mawili makubwa, moja limesimama kwenye karia na jingine limelala ubavuni, baiskeli haina gia, yeye amesimama kwenye pedali anakanyaga kwa uzito wa mwili mzima. Tulipomkaribia tukaingia kwenye kivuli chake, na magunia yale yanaziba upepo kuliko mtu yeyote, ghafla miguu ikawa myepesi. Tukakaa hapo kidogo, kisha Fundi akasema kwa sauti, jamani huyu ndiye aliyebeba na sisi ndio tumejificha. Akatoka, akampita, akamsalimia, akamwambia kaka kaa nyuma yangu tukuzibie.

Hakuhitaji maelezo. Hao watu wa mkaa na madumu ya maji wanaijua kazi hii tangu utotoni, wanakwenda wawili wawili usiku wakipokezana. Akasogea mpaka tairi lake likawa karibu na la Fundi, sisi tukajipanga wengine mbele wengine pembeni, mwendo tukaushusha ukawa wake. Magunia yalikuwa mapana, kivuli cha mtu mmoja hakikutosha, kwa hiyo tukaenda wawili wawili mbele yake gari likiwa halipo na likija tunajibana. Baada ya muda akaacha kusimama kwenye pedali, akakaa kwenye kiti. Ndipo nikajua imemfaa. Akaanza kuongea, akatuuliza kazi zetu, akatuambia mkaa wake unaenda kwa mama mmoja Kizota, anao watoto wanne. Karibu na Nala, palipo na kijimlima, tulishuka wote tukamsaidia kusukuma, yeye kashika usukani, Fundi na Dogo mikono kwenye magunia, wamekuwa weusi mpaka kwenye viwiko. Tulipoachana alitaka kutununulia chai. Tukanywa, tukagawana bili.

Tangu siku ile tukiwa tunarudi na tukakuta mtu wa mzigo kwenye upepo, ni desturi yetu, tunamuomba aingie kwenye mstari na zamu ya mbele hapewi. Wengine wanakataa, wana haraka zao au hawatuamini, ni sawa.

Mwaka huu tunataka tufike Manyoni tusipinde kwenda Singida, tunyooke magharibi, Itigi, Chaya mpaka Tabora, kwenye kile kichaka kizito cha Itigi ambako miti imeshikana kiasi kwamba Mwalimu anategemea upepo utapungua chini barabarani. Vijiji huko vina nafasi kubwa kati yake kwa hiyo kila mtu abebe angalau lita tano za maji kutoka Itigi, viraka vya kutosha na tyubu moja ya akiba. Tunaondoka mavuno yakiisha. Kama uko Dodoma na una baiskeli yoyote yenye breki mbili zinazoshika, njoo ufanye mazoezi na sisi Jumapili asubuhi njia ya Nala, uje ujifunze kukaa nyuma ya mtu na kukaa mbele ya watu. Dada Nesi ameshasema kipande cha Itigi kwenda Chaya anataka zamu ndefu kama za Fundi, na ameanza mazoezi tayari.